Mfalme aliposogea kona: Hastings, 1895

Agosti 1895, wachezaji 22 wa sataranji walikutana Hastings, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Bingwa wa dunia, Emanuel Lasker, alikuwepo. Wilhelm Steinitz, aliyevuliwa taji na Lasker mwaka uliotangulia, alikuwepo pia. Harry Nelson Pillsbury, kijana wa Kimarekani wa miaka 22, alikuwa mgeni kabisa, na raundi ya kwanza akafungwa na Mikhail Chigorin wa Urusi.

Raundi ya pili akakutana na Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani aliyezoea kutwaa mashindano makubwa. Pillsbury, mwenye kete nyeupe, alimsukuma askari wa mbele ya malkia, kisha akamtoa jirani yake kama chambo. Ndiyo Gambiti ya Malkia. Tarrasch hakula chambo.

Mchezo ulianza kwa utulivu, kama kawaida ya mfunguo huo. Kisha Pillsbury akampandisha farasi katikati ya ubao na kumwekea askari wa kumlinda, akaanza kuelekeza majeshi yake kwa mfalme mweusi. Tarrasch naye hakulala: upande wa pili askari wake waliteremka mbio, mmoja akabakiza hatua mbili tu ageuke malkia.

Hatua ya 42 farasi mweupe akaruka hadi mlangoni pa mfalme mweusi. Punde mfalme akamla. Kwa hesabu ya kete, Pillsbury alikuwa nyuma kwa farasi mzima, na ungedhani atavamia kwa pupa. Wapi! Hatua ya 45 alimsogeza mfalme wake mraba mmoja tu, hadi kona. Mfalme huyo ndiye aliyekuwa ameiziba njia ya ngome yake. Kila ninapoupanga mchezo huu ubaoni, hapo ndipo ninaposimama. Kwangu hiyo ndiyo hatua bora ya shindano zima.

Ngome ilipopita, Tarrasch akalazimika kumkinga mfalme kwa malkia wake, na malkia akaliwa. Askari wake akabakiza hatua moja. Hatua ya 52 mfalme mweusi akanaswa.

Pillsbury alitwaa ubingwa wa Hastings kwa pointi 16½, Chigorin 16, Lasker 15½. Mpango ule wa farasi katikati bado unaitwa shambulio la Pillsbury. Mwenyewe alifariki Juni 1906, akiwa na miaka 33, bila kuwahi kucheza pambano la ubingwa wa dunia.