Kadi ya Mtandao Inapogoma Baada ya Mfumo Kusasishwa

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Tabora, njia panda ya misafara ya zamani kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hata hivyo, kompyuta ya ofisi ikikosa intaneti baada ya Windows kusasishwa, mwananchi huondoka bila namba ya malipo. Mara nyingi kadi ya mtandao ni nzima. Kilichogoma ni kiendeshi, yaani programu inayoiunganisha na mfumo.

Kabla ya kununua kadi nyingine, mtumiaji afungue “Device Manager”, abofye kadi hiyo mara mbili na, katika ukurasa wa “Driver”, achague “Roll Back Driver”. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, aunganishe simu yenye intaneti kwa waya wa USB, kisha apakue kiendeshi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, si kwingineko. Toleo zima la Windows likiwa limebadilishwa, nafasi ya kurejea la awali kwa kawaida hudumu siku 10 tu.