Chombo cha Bibi

Chini ya chombo cha maua nilichorithi kwa bibi mzaa baba yameandikwa maneno sita ya Kichina, katika safu mbili. Zamani daktari mmoja wa Kichina aliyefanya kazi Unguja alimsomea ami yangu: yanataja enzi ya Chenghua wa ukoo wa Ming, yaani kati ya 1465 na 1487. Tokea hapo ami akashikilia kuwa babu yake alitunukiwa chombo hicho na Sultani. Bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema baba yake alikinunua dukani kwa mshahara wa ubaharia, alipokuwa akimwoza yeye, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Maneno yake hayakushikwa. Hayakuwa na fahari.

Mwaka 2014 kikombe kidogo cha enzi hiyo ya Chenghua kiliuzwa Hong Kong kwa dola za Marekani zipatazo milioni 36. Habari hizo zilipowafikia binamu zangu, nyumba ikawaka moto, kila mtu akadai fungu lake. Hapo ndipo nilipoanza kukichunguza chombo.

Kauri hii ni ya Kijapani. Katika vita vya 1592 hadi 1598 Wajapani waliwachukua wafinyanzi wengi kutoka Korea, na mwanzoni mwa karne ya 17 kauri ikaanza kutengenezwa Arita, katika kisiwa cha Kyushu. Ukoo wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na China ikachafuka kwa vita, Waholanzi waliokuwa wakinunua vyombo huko waligeukia Arita. Wanunuzi walipenda sura ya Kichina, basi mafundi wa Arita wakawa wanaandika chini ya vyombo vyao majina ya wafalme wa Kichina. Usiharakishe kuwaita wadanganyifu, msomaji. Wachina wenyewe waliyanakili majina hayo hayo karne nyingi baadaye.

Lakini chombo chetu si cha zama hizo pia. Buluu yake ni kali mno, karibu ya kupiga kelele. Rangi ya namna hiyo, kobalti ya kiwandani kutoka Ulaya, ilifundishwa Arita mwaka 1870 na Mjerumani Gottfried Wagener. Tena nakshi zake hazikuchorwa kwa mkono. Zilipigwa rangi kupitia karatasi iliyotobolewa, ufundi uliowawezesha watu wa kawaida kununua kauri. Karibu na shingo, pale karatasi mbili zilipokutana, ua moja limekatika nusu.

Wako wanaosema kwamba chombo kisichoandikwa jina la nchi ni cha kabla ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kulidai. Mimi siitegemei hoja hiyo, kwani sheria ilihusu bidhaa ziendazo Marekani, na chombo chetu kilikuja Unguja. Yatosha kuwa ni cha baada ya 1870, na ni cha bei ya baharia.

Habari za kuuza hazitajwi tena. Ami bado huwahadithia wageni juu ya Sultani, nami hukaa kimya. Binti yangu, niliyemwonesha lile ua, hanyamazi.