Mali bila Daftari

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, na wenye mali bora wamejifariji nayo miaka nenda miaka rudi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya biashara tangu asubuhi hadi adhuhuri, akingoja mteja wa kwanza, anajua kwamba methali hiyo imesema nusu tu ya ukweli. Kizuri hakijiuzi mpaka kijulikane. Na kujulikana kuna njia zake, kuna gharama zake na kuna hatari zake.

Siku hizi vijana wetu wanaoanzisha biashara ndogo ndogo huambiwa kwamba dawa ya kupata wateja imekwisha kupatikana, nayo ni mitandao ya kijamii. Fungua ukurasa, weka picha, ngoja simu ilie. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Hata hivyo, husema kana kwamba kabla ya simu za mkononi mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki alikaa tu amefumba macho, akimwomba Mungu amletee watu. Historia inasema vingine. Nami naamini kwamba anayeijua historia hiyo atautumia mtandao vizuri zaidi kuliko asiyeijua.

Tuanze na nguo, maana nguo ndiyo bidhaa iliyowafundisha wafanyabiashara wa pwani yetu adabu ya kumsikiliza mteja. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zikileta Zanzibar pamba nyeupe ngumu ambayo watu waliipa jina la merikani. Nguo hiyo ilichukuliwa na misafara hadi bara. Msomaji asidhani kwamba mnunuzi wa bara alipokea chochote alicholetewa. Shanga zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa mahali pengine, na nguo iliyopitwa na wakati haikupata mtu wa kuigusa. Msafara uliobeba shanga za rangi isiyotakiwa uliweza kukosa chakula njiani, ingawa ulikuwa na mizigo tele. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Zanzibar walilazimika kuuliza, kusikiliza, kisha kuwaandikia watengenezaji wa ng'ambo kuwaeleza ni rangi gani, upana gani na mistari gani watu wanataka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ya huko ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Aliyejua ladha ya mteja ndiye aliyefaidi.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo ndipo ilipozaliwa kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso, neno tulilolipata kwa Wareno, wakavishona pamoja mpaka vikawa nguo moja pana. Mpaka leo watu wa Mombasa huiita leso. Ukumbuke, ndugu msomaji, kwamba ubunifu huo ulianza kwa mnunuzi. Mwenye duka aliona wateja wake wanafanya nini na leso alizowauzia, ndipo akaagiza nguo iliyokwisha kuchapwa namna ile ile. Baada ya utumwa kukomeshwa Zanzibar mwaka 1897, kanga ikapata uzito zaidi, kwa kuwa wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga ili waonekane kuwa ni watu huru, wenye hadhi yao.

Hapo ndipo tunapofika kwa mtu ambaye mimi humwona kuwa mwalimu mkubwa wa elimu ya kutafuta wateja. Mjini Mombasa alikuwako mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla. Kanga zake zilikuwa na alama ya K.H.E., pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa kutia misemo ya Kiswahili katika kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Misemo hiyo, ambayo sisi tunaiita jina la kanga, iliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kilatini.

Tutafakari kidogo kilichotendeka. Kama Abdulla angeandika juu ya kanga zake kwamba duka lake ndilo bora kuliko maduka yote, nani angejifunga tangazo lile kiunoni aende nalo arusini? Badala yake alimpa mnunuzi maneno ambayo mnunuzi mwenyewe alitaka kuyasema: salamu kwa mama, mapenzi kwa mume, shukrani kwa Mungu, au kijembe kwa jirani asiyeacha kuchungulia uani. Mwanamke alipoivaa kanga ile alikuwa anapeleka ujumbe wake mwenyewe. Jina la mwenye mali lilikaa kimya pembeni. Lakini kila aliyeusoma ujumbe ule na kuupenda aliuliza swali moja: umeinunua wapi? Basi kila mteja akawa mpiga mbiu, bila kulipwa na bila kuhisi kwamba anatumiwa, kwa sababu kweli alikuwa akifanya shughuli yake.

Mfumo huo ulikuwa na upande wake mkali. Jina jipya likivuma, kanga zilikwisha kwa siku chache. Jina likichuja, marobota yalikaa stoo mpaka yakaingia panya. Kwa hiyo muuzaji hakuweza kuyatunga maneno chumbani peke yake. Alihitaji kujua mitaani wanaimba nini, taarabu mpya inasema nini, na wanawake wanagombana kwa maneno gani. Duka la kanga lilikuwa mahali pa kusikiliza kabla ya kuwa mahali pa kuuzia.

Kwetu Tanzania elimu hii ilikaribia kupotea. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika: sukari, sabuni, mafuta ya kula, hata kanga yenyewe. Wanaokumbuka foleni za miaka ile wanajua kwamba mteja ndiye aliyekuwa akimtafuta muuzaji, na alipompata alimwamkia kwa unyenyekevu hata kama amemzidi umri. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye bidhaa akawa na sababu ya kuificha kuliko kuitangaza. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, maduka yakajaa upya, na mambo yakapinduka. Ghafla muuzaji alikuwa na jirani anayeuza bidhaa ile ile kwa bei ile ile. Wamachinga wakajaza barabara za miji na nguo begani na saa mkononi, wakatuonyesha kwamba hata kizuri inabidi kujitembeza.

Simu ya mkononi ilianza kutumika Tanzania mwaka 1994, lakini miaka ya mwanzo ilikuwa chombo cha matajiri. Iliposhuka bei, watu wetu waliigeuza wapendavyo, kama mababu zao walivyoigeuza leso. Tukajifunza kubipu. Mteja asiye na salio alimbipu fundi cherehani, fundi akajua gauni linaulizwa. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na muuzaji wa Mbeya akaweza kulipwa na mnunuzi wa Tanga ambaye hajawahi kumtia machoni. Julai 2009 mkongo wa Seacom ulifika pwani yetu kupitia baharini. Facebook ilikuwa imefunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. WhatsApp ikazaliwa mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010. Kwa muda mfupi mno, mama aliyekuwa akiuza kwa majirani kumi akapewa mlango unaotazama mji mzima.

Wengine wameuingia mlango huo kama watu walioingia sokoni na kipaza sauti. Kila saa picha, kila picha na maneno yale yale, "mzigo mpya umeingia". Ukiuliza bei unajibiwa "njoo inboksi", kana kwamba bei ni siri ya ndoa. Watu hupita tu. Muuzaji hulalamika kwamba ana wafuasi maelfu na mauzo hakuna. Amesahau somo la Abdulla: mtu hawezi kulibeba tangazo lako kwa hiari yake kama ndani yake hamna neno la kwake mwenyewe.

Mtaani kwetu yupo mama mmoja anayesaga viungo vya pilau na kuvifunga katika vipakiti. Kwa muda mrefu aliwauzia majirani tu. Siku moja mteja wake alipika pilau ya shughuli, akaipiga picha sufuria limefunuliwa na mvuke unapanda, akaipeleka katika kundi la WhatsApp la ukoo wao, na kuandika viungo amevipata kwa nani. Wiki ile ile wakaja watu ambao mama yule hakuwajua. Picha ile hakuipiga yeye wala hakuilipia. Mchango wake ulikuwa kusaga viungo bila kuvichanganya na unga.

Baadaye alifungua ukurasa wake mwenyewe, akauendesha kwa kanuni chache. Bei aliiandika wazi. Aliyeuliza alijibiwa siku ile ile. Iliki ilipopanda bei alisema imepanda, badala ya kupunguza kipimo kimyakimya. Mteja mmoja alipomlalamikia mbele ya watu kwamba karafuu zimezidi, hakuyafuta maneno yale. Alimwomba radhi pale pale, akampelekea pakiti nyingine kwa bodaboda. Wengi waliosoma lalamiko lile walisoma na jibu lake, wakajua ni mtu wa namna gani.

Kisha likamkuta la kumkuta. Tapeli aliingia katika akaunti yake, akabadilisha neno la siri, akaanza kuwaomba wafuasi wake watangulize fedha. Yeye mwenyewe akafungiwa nje ya ukurasa wake, na maombi yake ya kurudishiwa hayakupata jibu. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta sebuleni, simu sikioni na daftari magotini.

"Shikamoo mwalimu, karibu uketi," aliniambia. "Samahani, namalizia kuwapigia watu. Wale wafuasi ni wa kule. Wateja wangu ni hawa humu."

Ndani ya daftari lile, alilolianza enzi za kuuza kwa mkopo, kulikuwa na majina, namba za simu, mitaa, nani hapendi pilipili manga, nani ana arusi baada ya mfungo. Aliwaonya mmoja mmoja wasitume fedha. Waliokuwa mbali, ambao hawakuwamo daftarini, baadhi waliibiwa, na hao hawakurudi tena. Biashara ilipungua, ikachukua miezi kusimama sawasawa. Lakini ilisimama, kwa kuwa jina lake lilikuwa limehifadhiwa pia mahali ambapo tapeli hakuweza kufika.

Si wezi tu wanaoweza kuufunga mlango huo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram, ambazo zote ni mali ya kampuni moja, zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 Uganda ilikatiwa intaneti. Na katika uchaguzi wa Oktoba 2025 ikawa zamu ya Tanzania, kwa siku kadhaa. Muuzaji wa samaki au wa keki, ambaye oda zake zote zimo mtandaoni, siku kama hizo huwa hana duka. Abdulla alikuwa na mlango wake, na kanga aliyokwisha kuiuza iliendelea kutembea hata yeye akiwa amelala. Sisi tumepewa kibaraza kizuri mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Tukitumie, tena kwa bidii, lakini tukumbuke kwamba mwenye nyumba anaweza kufunga geti bila kutuaga.

Sisemi haya kwa kuuchukia mtandao. Umewafikisha wanawake wengi na vijana wengi mahali ambapo mtaji wao usingewafikisha kamwe. Ninachosema ni kwamba tangu enzi za merikani mteja amepatikana kwa njia ile ile: msikilize, mpe kitu cha kweli, na umwachie nafasi ya kusema neno lake mwenyewe. Na akishapatikana, huhifadhiwa kwa kumjua. Siku ukurasa utakapopata wafuasi wengi kuliko ulivyotarajia, jihadhari na ile tabia ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Usiku wa siku hiyo, kabla ya kulala, chukua kalamu uandike majina ya walionunua, wanakaa wapi na wanapenda nini. Wazee hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.