Bahari ya Watu wa Milimani

Mwaka 1930 Clarence Ashley, mpiga banjo aliyelelewa katika milima ya Tennessee, aliirekodia kampuni ya Columbia wimbo wa kisa uitwao "The House Carpenter". Kisa chenyewe ni cha baharini. Baharia amerudi kutoka safari ndefu, akamkuta mpenzi wake wa zamani keshaolewa na seremala, naye ana mtoto mchanga. Anamshawishi kwa habari za vyombo na mali. Mwanamke anambusu mwanawe, anamwacha, anapanda chomboni. Siku si nyingi kilio kinamshika, na wala halilii dhahabu. Katika masimulizi mengi ya wimbo huu chombo huzama, wote wawili wakafa maji.

Sisi tuliozaliwa tukisikia mawimbi hatuhitaji kufafanuliwa kisa kama hicho. La ajabu ni kwamba waliokihifadhi ni watu wa milimani, wakulima na wachimba makaa ya mawe, ambao wengi wao hawakuwahi kuonja maji ya chumvi. Bahari ile waliirithi kwa maneno tu. Wimbo ulikwisha kupigwa chapa mjini London mwaka 1657, na katika nakala za kale anayerudi si mtu hai, bali ni mzuka wa baharia aliyekufa. Nyingine humfanya shetani hasa. Ulipovuka Atlantiki na kupanda milima, mzuka ukashuka njiani. Akabaki mwanamume mwenye maneno matamu, ambaye kwa maoni yangu anatisha zaidi.

Wataalamu waliziwahi nyimbo hizi mapema, lakini kwa kalamu. Francis James Child, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikusanya visa 305 vya Kiingereza na Kiskoti, akavichapisha kati ya 1882 na 1898. Mwingereza Cecil Sharp, akifuatana na Maud Karpeles, alipanda milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918, akaandika maneno na noti kutoka vinywani mwa wazee. Kazi zao ni hazina. Hata hivyo karatasi haina pumzi: haikuambii mwimbaji alivuta wapi, alikaza wapi, alimeza neno gani.

Pumzi iliokolewa na wafanyabiashara, nao hawakuwa na nia hiyo. Mwaka 1922 mpiga fidla wa Texas, Eck Robertson, alirekodi New York kwa kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata Ralph Peer wa kampuni ya Okeh alikwenda Atlanta, ambako mwuza samani Polk Brockman alimshikilia amrekodi Fiddlin' John Carson, mzee maarufu wa mji huo. Wauza samani waliuza gramafoni, na anayeuza gramafoni anahitaji santuri. Peer hakupendezwa hata kidogo na uimbaji wa Carson, lakini Brockman aliagiza sahani 500, zikaisha upesi. Ndipo makampuni yalipotambua kwamba watu wa mashambani wana masikio, na wana fedha pia. Mwaka 1924 Vernon Dalhart akarekodi kisa cha ajali ya treni iliyotokea Virginia mwaka 1903, na santuri hiyo ikauzwa kwa wingi usiotarajiwa.

Pumzi hiyo ililipiwa bei mbili. Bei ya kwanza ilikuwa urefu. Sahani ya kawaida ilikuwa ya inchi 10, na upande wake mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Kisa kilichozoea kutembea polepole kando ya moto, mwimbaji akiongeza ubeti apendapo, kikalazimika kufika kaburini kabla ya sindano kufika mwisho wa mfereji. Furry Lewis wa Memphis alipokiimba kisa cha dereva wa treni Casey Jones mwaka 1928, alipewa pande zote mbili za sahani. Msikilizaji alipaswa kuinuka aigeuze, ajali ikiwa bado inamngoja upande wa pili. Wengi hawakupewa nafasi hiyo.

Nayasema haya kwa kuwa yamenitesa. Mara kadhaa nimejaribu kuutia "The House Carpenter" katika Kiswahili, na kila mara nimekwama. Ubeti wao una mistari minne, na kina hukutana katika mstari wa pili na wa nne tu. Nikiugeuza tarbia yenye vina vya kati na vya mwisho, unanenepa na kujaa maneno ambayo mwanamke yule hangeyasema. Nikiuacha ulivyo, sikio letu huuona kama nyumba isiyoezekwa. Ugumu zaidi ni ile miruko baina ya ubeti na ubeti. Nyimbo hizi tangu hapo hazipendi kueleza: leo mtu anabusu mtoto, mstari unaofuata yuko kwenye maji makuu. Lakini miruko mingine ililetwa na saa ya studio. Kimya cha kwanza ni sehemu ya tungo, nacho yafaa kihifadhiwe. Cha pili ni mkasi tu. Kwenye santuri vyote viwili vinasikika sawasawa.

Bei ya pili ilikuwa jina la mwenyewe. Peer alipohamia Victor alikubali kufanya kazi bila mshahara, mradi hakimiliki za nyimbo ziwe mkononi mwake. Kati ya Julai na Agosti 1927 aliweka mitambo Bristol, mji uliopasuliwa na mpaka wa Tennessee na Virginia, akarekodi nyimbo 76 kwa siku 12, akilipa dola 50 kwa kila upande. Hapo ndipo walipotokea A. P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle. Wimbo usio na mwenyewe haukuleta mrabaha. Basi nyimbo za mababu zikapangwa upya, zikaandikishwa kwa jina la A. P. Carter.

Alipohitaji nyimbo zaidi, Carter alizunguka vijijini na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa Kingsport aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwandani. Carter aliandika maneno, Riddle akayashika mahadhi kichwani. Maybelle naye alijifunza mengi kutokana na vidole vyake. Jina la Riddle halikuonekana kwenye lebo za santuri hizo.

Makampuni yaliwatenga watu hata kwenye orodha za mauzo: santuri za Weusi mfululizo wake, na za Weupe wa milimani mfululizo wake. Kisa cha John Henry, Mweusi aliyeshindana na mashine ya kutoboa mwamba akafa na nyundo mkononi, kiliimbwa na wa huku na wa huku, kikauzwa kwa madaftari mawili. Banjo yenyewe, ambayo wengi huidhani ya wazungu wa milimani, mizizi yake ni Afrika Magharibi.

Miaka hiyo hiyo mkono huo ulifika kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi, na mbwa asikilizaye pembe kwenye santuri zao ndiye aliyekuwa kwenye santuri za Victor, kwani makampuni hayo mawili yaligawana alama moja.

Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliua biashara hiyo. Dock Boggs wa Virginia alirudi kuchimba makaa, akaiacha banjo. Mwaka 1952 Harry Smith alichagua sahani 84 kutoka mkusanyiko wake, zikatolewa na kampuni ya Folkways. Aliweka mbele visa vya Child, kwa nambari zake, na hakusema mwimbaji yupi ni wa rangi gani. Vijana wa mijini walizisikiliza, kisha wakaenda kuwatafuta wenyewe. Ashley alipatikana mwaka 1960, Boggs mwaka 1963.

Riddle alipatikana mwaka 1965, akiwa ameacha kupiga kwa miaka mingi. Mike Seeger akamrekodi mara kwa mara. Diski yenye jina lake mwenyewe ilitoka mwaka 1993, naye alikwisha fariki.