Jina Kamili juu ya Jiwe

Dada yangu mkubwa alifariki hapa Toronto mwezi wa Januari, muda mfupi baada ya magharibi. Hati ya kifo inasema Jumanne. Kwa hesabu tuliyokulia Unguja, siku huanza jua linapotua. Basi alifariki usiku wa Jumatano, na tarehe ya Hijria ilikwisha kusonga mbele. Pasipoti yake ilisema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama pasipoti za wengi wetu ambao makarani hawakuwa na tarehe nyingine ya kujaza. Daftari la marehemu baba lilisema mwezi wa Shaabani. Ardhi ilikuwa imeganda na jiwe lisingewekwa mpaka theluji iyeyuke, kwa hivyo tulipata miezi mitatu ya kubishana: jiwe liandikwe nini?

Shangazi yetu, wa mwisho aliyebaki katika tabaka lake, hakutaka maandishi yoyote. Hakusema bila dalili. Hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim inakataza kulipaka kaburi chokaa na kulijengea, na mapokezi ya Tirmidhi yanaongeza kuliandika. Hata Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, kuba lililoanzwa kujengwa juu ya kaburi lake pale Makusurani, Mji Mkongwe, halikumalizwa, kwa pingamizi za Maibadhi. Upande wa pili, Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Alama basi ina asili. Hitilafu ni juu ya kiasi.

Wazee wetu wa pwani nao hawakuwa na kiasi kimoja. Kaole, Kunduchi na Malindi walisimamisha minara juu ya makaburi, na Kunduchi wakapachika vyombo vya Kichina. Gede kuna kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, alilitegemea katika kukadiria umri wa mji. Takwa, kisiwani Manda, kaburi la mnara lina mwaka wa 1094 Hijria. Freeman-Grenville na B. G. Martin walipochapisha orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani, mwaka 1973, sehemu kubwa ya hazina yao ilitoka makaburini na misikitini. Miji hiyo haikutuachia madaftari ya vizazi na vifo. Kiarabu huliita jiwe la kichwani *shahid*, na kwa mwanahistoria hilo ni neno la haki.

Wala kununua jiwe la ng'ambo si jambo geni. Tangu mwisho wa karne ya 13 hadi katikati ya karne ya 15, mafundi wa Khambhat, Gujarat, walichonga marumaru za makaburi zikasafirishwa baharini hadi Dhofar, Sumatra na Java, na kazi yao ilifika Kilwa. Graniti nyeusi tuliyoonyeshwa dukani hapa ilitoka India vilevile.

Lakini dukani si pa kuanzia. Ontario kila uwanja wa makaburi una kanuni zake: kama jiwe lisimame au lilale sawa na ardhi, ukubwa wake, na nani aweke msingi. Isipokuwa bapa dogo, jiwe hutozwa pia mchango wa mfuko wa matunzo. Marumaru ni nzuri kwa macho, lakini mvua ya hapa huila. Tazama mawe ya karne ya 19 katika makaburi ya zamani ya mji huu, herufi zimekwisha kufutika. Graniti hustahimili. Na kwa kuwa barafu huinua udongo, jiwe la kusimama lataka msingi wa kina.

Wapwa zangu walitaka jina la pasipoti peke yake, ili lilingane na karatasi. Mchonga mawe alituletea mchoro wa kuidhinisha: herufi za Kiarabu zimeachana mojamoja, zimepangwa kutoka kushoto. Kompyuta yake haikujua kuziunganisha. Mpwa wangu asiyesoma Kiarabu alikuwa na kalamu mkononi, tayari kutia saini. Nikaliandika jina mwenyewe kwa hati ya naskhi, likapigwa picha, likachongwa kama lilivyo.

Tuliafikiana hivi. Jiwe bapa la kijivu, bila pambo, na bila aya, kwa sababu jiwe la chini hukanyagwa. Jina lake na nasaba mpaka babu wa tatu, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kilatini; chini yake jina la pasipoti, ili wajukuu na makarani wamtambue. Kuzaliwa: Shaabani, Mkunazini, Unguja. Kufariki: tarehe zote mbili. Shangazi aliusoma mchoro mpya kwa sauti. Alipofika kwenye jina la baba yake alinyamaza, kisha akasema, "Basi. Lakini msiongeze kitu."

Ombi langu kwa familia zetu ni dogo. Nasaba, mtaa wa kuzaliwa na mwezi wa Hijria viandikwe wazee wakiwa hai, maana baada ya mazishi mtaulizana nyinyi kwa nyinyi na hakuna ajuaye. Na mchoro usitiwe saini kabla ya kusomwa na mtu ajuaye Kiarabu.