Mchujo si Uteuzi

Kila mwaka wa Olimpiki redio hutuchanganyia maneno matatu: kufuzu, mchujo na uteuzi. Mtangazaji huyatumia ovyo ovyo, ilhali kila moja lina kazi yake.

Kufuzu ni kutimiza sharti lililowekwa, kama vile muda. Mwanariadha anaweza kufuzu akiwa Doha na bado asipande ndege, kwani nchi hupeleka watatu tu katika kila mbio, na Kenya ina waliofuzu wengi kuliko nafasi. Hapo ndipo unapohitajika mchujo.

Ukilitaja neno hilo sokoni Kabati, wengi watadhani unasema kura za vyama. Lakini Kitui ni nchi ya asali, na anayerina anajua maana yake: masega hukamuliwa juu ya kitambaa, asali ikapita, nta na nyuki waliokufa wakabaki. Kitambaa hakiulizi mzinga ni wa nani.

Mbio za mchujo nazo hupitisha hivyo, na zina ukatili wake. Mwaka 1992 Moses Kiptanui, bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alikosa tatu bora nyumbani na Olimpiki ikampita. Kule Barcelona Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol wakazoa medali zote. Agosti hiyohiyo Kiptanui akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo mjini Zürich. Iliuma, lakini waliomshinda walionekana na kila mtu.

Uteuzi ni jambo jingine. Kikosi cha Kenya cha marathoni ya Olimpiki ya 2012 kilipangwa mezani na kamati. Patrick Makau, Mkamba mwenzetu kutoka Machakos, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya 2:03:38 mjini Berlin Septemba 2011. Aprili 2012 akaishia njiani katika marathoni ya London, na jina lake likakosekana kikosini. Geoffrey Mutai, mshindi wa Boston na New York 2011, naye akaachwa. Kamati ina la kujitetea: Abel Kirui alileta fedha na Wilson Kipsang shaba, nyuma ya Stephen Kiprotich wa Uganda. Lakini Makau alishindwa na nani?

Swali hilo haliishii kwetu. Mwaka 2014 Mirai Nagasu alikuwa wa tatu katika mashindano ya kitaifa ya Marekani ya kuteleza kwenye barafu. Nafasi ya Olimpiki akapewa Ashley Wagner, aliyekuwa wa nne.

Mimi ni mtu wa mchujo. Wawili wa kwanza katika mashindano ya taifa waende bila mjadala. Nafasi ya tatu ikiachiwa kamati, kwa ajili ya bingwa aliyeumia, vigezo vitangazwe kabla ya mbio, na kitendo hicho kiitwe uteuzi. Vyama vya siasa vimeshatuonyesha mwisho wa kumpa mtu tiketi ya moja kwa moja kisha kudai kulikuwa na mchujo: hata aliyestahili huonekana mwizi.