Neno la Wiki: Anwani
Juzi kijana anayeuza viatu vya mtumba mtandaoni alinipa kadi yake ya biashara pale Kariakoo. Karatasi nzito, wino umekolea. Chini ya jina kaandika “Tovuti:”, kisha jina lake, alama ya @ na gmail.com. Mstari unaofuata, “Barua pepe:”, halafu www. Niliumia, maana kadi ile imemgharimu.

Neno analolihitaji ni anwani, tulilolipata kwa Kiarabu, unwan, na huko kama huku lina maana mbili: maelezo ya kumfikishia mtu barua, na jina la kitabu au makala. Wengine huandika anuani. Sina ugomvi nao. Tovuti ni duka lenyewe, zile kurasa anazozifungua mteja. Maandishi yanayoishia .co.tz au .com, bila @ ndani yake, ni anwani ya tovuti. Barua pepe nayo ni ujumbe unaotumwa, na penye @ pana anwani yake. Kadi ni ndogo, kwa hiyo “Barua pepe:” peke yake inatosha, mradi ikae mbele ya @. Na sanduku la posta liandike anwani, si makazi. Makazi ni pale unapolala.